Vituo Vinne vya Mzee Pua

Watu waliomfahamu walimwita Mzee Pua, na hakuwahi kukasirika, kwa sababu jina hilo alilitolea jasho. Pua yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida tu, imekaa upande kidogo tangu alipojigonga na mlango wa stoo enzi za ujana. Lakini kwa miaka thelathini na moja pua hiyo ndiyo iliyoamua kama bia ya kiwanda kikubwa cha jiji itoke getini au imwagwe. Meneja alikuwa na vyeti viwili ukutani, Pua alikuwa na pua, na siku walipokosana, aliyesikilizwa ni Pua.

Chumba cha kuonja kilikuwa ghorofa ya pili, kina meza ndefu ya chuma na sinki tatu. Waonjaji watano waliketi hapo kila siku saa nne asubuhi, kabla ya chai, na sheria yao ilikuwa fupi: kasoro inatajwa kwa neno moja, bia nzuri haisemewi kitu. Mtu ananusa, anaonja, akikuta kasoro anasema "siki," au "moshi," au "boksi," yaani bia imekaa mpaka ikazeeka, inanuka kama boksi la karatasi lililolowa maji. Kisha anaimwaga iliyobaki kwenye sinki. Akiikuta sawa, anaweka glasi mezani na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa kusifu. Mgeni aliyethubutu kusema "nzuri sana" alitazamwa kama mtu aliyecheka msibani.

Sheria hiyo Pua aliibeba mpaka nyumbani. Mke wake alifariki binti yao akiwa na miaka sita, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, binti alifanyia kazi zake za shule kwenye kona ya chumba cha kuonja, juu ya kiti kirefu, miguu inaning'inia. Harufu ya boksi lililolowa aliijua kabla hajajua kuzidisha. Alipoleta ripoti yenye alama za juu, baba aliisoma, akaiweka mezani, akanyamaza, na binti akaenda kulala na furaha tele. Wao wawili walielewana hivyo, wala hawakuhitaji mkalimani. Basi ungedhani watu wa namna hiyo hawawezi kukosana.

Walikosana. Miaka mitano iliyopita binti alifungua kiwanda chake kidogo cha bia nje ya jiji, ndani ya ghala la zamani la mbao: matangi matatu, kaunta moja, meza sita alizozipiga randa mwenyewe. Siku ya ufunguzi alialika watu hamsini, na glasi ya kwanza akampa baba yake mbele ya wote. Pua akanusa. Akaonja. "Mahindi," akasema, kwa sababu bia ilinuka mahindi ya kuchemsha, na bia hunuka hivyo ikiwa haikuchemka vya kutosha. Ni kweli haikuchemka vya kutosha. Kisha mkono wake, mkono uliozoea, ukaimwaga bia kwenye sinki ya kaunta. Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wa baba na mwana.

Wageni walipoondoka, binti alimwambia, "Baba, leo tu. Siku moja tu, ungeninyamazia."

"Bia mbaya ni bia mbaya," Pua akajibu.

"Basi usikanyage tena hapa."

Hakukanyaga. Mwaka mmoja baadaye ukaja ujumbe kwenye simu yake: "Baba, nimeipata. Nimekutengea chupa. Njoo." Pua aliusoma mpaka akaujua kwa moyo, na bado hakwenda. Alisema aliyemfukuza ndiye aje kumchukua, tena kwa miguu yake. Alikuwa na kichwa kigumu, nisikufiche, na kiburi chake alikiita msimamo. Ule ujumbe akauweka kiporo. Miezi kumi na moja alikaa anangoja kubembelezwa, na mwezi wa kumi na mbili ikamshika homa ya mafua, ikamlaza wiki mbili. Alipoinuka kitandani, pua ilikuwa imekufa.

Mwanzoni alijipa moyo kwamba itarudi. Kila asubuhi alifungua mkebe wa kahawa, akauingiza uso wake, akavuta pumzi kwa nguvu. Hakuna. Kahawa, sabuni, vitunguu, viatu vyake mwenyewe, vyote vikawa hewa tupu. Miaka mitatu ikapita hivyo na hakumwambia mtu. Majirani waliendelea kugonga mlango na sufuria mkononi, "Mzee, hebu tunusie maziwa haya, yameharibika?" naye aliyatazama rangi, akayatikisa, akachovya kidole, akabahatisha. Mara moja alibahatisha vibaya, na jirani akaendesha tumbo siku nzima akiyalaumu mayai.

Sasa, wastaafu wa kiwanda kile walikuwa na chama chao, na kila mwaka walifanya matembezi ya siku moja. Kwa kawaida walikwenda kukaa kwenye bustani fulani, wakalalamika juu ya magoti, wakarudi. Mwaka huu Pua alisimama kikaoni, yeye asiyesimama, akapendekeza wazungukie viwanda vidogo vya bia: viwili katikati ya jiji, kimoja pembezoni, na cha nne nje kabisa, karibu na reli. Alijitolea kupanga safari yote mwenyewe.

"Hicho cha karibu na reli ni cha nani?" aliuliza Kizibo. Huyu alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, aliyemaliza ujana wake kwenye mashine ya kufunga vizibo vya chupa, ndipo alipopata jina.

"Ni cha mtu."

"Mtu huyo hana macho kama yako kweli?"

"Wewe utaendesha gari," Pua akamwambia. "Hunywi kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Angalau mara moja vitatufaa."

Kizibo alicheka, lakini aliona. Kila mtu aliona. Mzee alikuwa anataka kwenda kwa mwanawe, na peke yake hakuweza. Alihitaji kujificha katikati ya wazee wenzake saba.

Walipanga wakiwa mezani kwa Pua, watu watatu: yeye, Kizibo, na Bi Maabara, mama mmoja mwenye miwani minene aliyepima maji na hamira kiwandani kwa miaka ishirini. Ramani ya jiji ilitandazwa, imebanwa na chupa tupu kila pembe. Pua alikuwa na kidaftari cha kutia mfukoni mwa shati, na aliandika kila kitu. Waanze na bia nyepesi, wamalizie na nzito, maana ulimi ukishapigwa na nzito hausikii tena nyepesi. Kati ya kituo na kituo, mkate mkavu na maji. Siku iwe Jumanne, kwa sababu Jumanne binti hana wateja wengi, ni siku yake ya kusafisha matangi.

"Ratiba yako nimeipenda," Bi Maabara alisema akiipitia. "Ina vituo vinne vya bia. Vya choo viko wapi? Tuko wazee wanane, mzee mwenzangu. Andika kumi na moja."

Pua akaandika kumi na moja. Kisha akawa anapiga simu, kiwanda baada ya kiwanda, na swali lake lilikuwa la ajabu. Hakuuliza bei wala maegesho. Aliuliza, "Bia yenu ya kwanza kutuonjesha ina harufu gani? Niambie yote, polepole." Watengenezaji, wakisikia ni yule Mzee Pua wa kiwanda kikubwa, walieleza kwa furaha, naye akaandika: kituo cha kwanza, maganda ya chungwa, cha pili, mkate wa kuchoma, cha tatu, moshi wa kuni.

"Tangu lini wewe unasimuliwa harufu?" Kizibo akauliza.

"Najiandaa tu."

"Unajiandaa nini? Mkate unaungua, hiyo ndiyo ya kujiandaa nayo."

Pua aliendelea kuchora mstari kwenye ramani. Alikuwa ameweka mkate jikoni kuupasha, na harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima, Kizibo amekwishaziba pua kwa leso. Pua hakuinua kichwa mpaka moshi wenyewe ulipotokeza mlangoni na akauona kwa macho. Bi Maabara aliinuka, akazima jiko, akarudi, akakaa.

"Pua yako ina muda gani hivi?" akamuuliza taratibu.

Pua aliweka kalamu chini. Halafu akawaambia yote, mafua, mkebe wa kahawa, maziwa ya majirani, na ule ujumbe wa mwanawe.

"Naogopa," alisema. "Atanipa glasi. Nitamwambia nini?"

"Si unyamaze?" Kizibo akasema. "Kwenu kunyamaza si ndiyo sifa?"

"Miaka mitano sijasema naye. Nikinyamaza atajua bado nimenuna. Lazima niseme kitu, tena kitu kizuri. Nilishamwaga mara moja."

"Mwambie tu ukweli, ndugu yangu."

"Mwanangu hana kitu kingine kwangu," Pua akasema. "Sikumwachia nyumba, sikumwachia shamba. Alichorithi ni pua hii. Nimwambie nayo imekwisha?"

Wakamwonea huruma, na hapo ndipo walipokosea wote watatu. Bi Maabara alichukua simu, akaibadili sauti kama mteja wa kawaida, akampigia binti kuweka nafasi ya wastaafu wanane wa kiwanda kikubwa, na katikati ya mazungumzo akauliza, kama kwa bahati, bia yake kuu inanuka nini. Akarudisha jibu neno kwa neno. Pua akaliandika kwenye kidaftari, akalipigia mstari, akaandika na mengine chini yake kwa herufi ndogo ambayo hakumwonyesha mtu.

Jumanne ilifika na jua la wastani. Kwenye kituo cha kwanza Pua aliinua glasi, akavuta pumzi yake ya zamani ile ya kelele, akasema, "Chungwa. Ganda, si maji yake." Kijana wa kaunta nusura aruke kwa furaha. Cha pili, mkate wa kuchoma. Cha tatu, moshi wa kuni, na hapo mpishi wa bia aliomba wapige picha pamoja. Wazee walimpigia makofi. Kizibo na Bi Maabara walitazama chini. Yeye mwenyewe mdomoni alisikia baridi na uchungu kidogo basi, na kadiri gari lilivyokaribia reli ndivyo alivyozidi kukishika kidaftari mfukoni, kama mtu anayehakikisha funguo hazijaanguka.

Ghala halikuwa limebadilika, ila mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Binti alitoka akiwa na buti za mpira na aproni iliyolowa. Alikuwa amekonda. Pua aliliona hilo kwanza na lilimchoma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

Yakaishia hapo. Aliwakaribisha wote ndani, akawakalisha, akawajazia glasi kutoka kwenye bomba la kaunta. Ya baba yake hakuijaza pale. Alikwenda nyuma kwenye tangi la mwisho, akarudi na jagi dogo, akammiminia kwa mkono wake. Kisha akabaki amesimama, taulo begani, anamkazia macho usoni.

Bi Maabara, viti viwili mbali, alishaisikia harufu ile. Alinyoosha mkono amshike Pua kiwiko. Kizibo naye akamkanyaga chini ya meza. Lakini Pua alikuwa mbali, alikuwa anayapanga maneno yake, na mguu uliokanyagwa hakuuhisi. Akanusa kwa kelele. Akaonja. Ulimi ulipata ukali kidogo, akadhani ni limau, akatabasamu.

"Asali," akasema. "Na ganda la limau, kwa mbali. Nzuri, mama. Nzuri sana."

Uso wa binti ulishuka polepole.

"Hiyo ni siki, Baba," alisema hatimaye. "Tangi zima. Ni la tatu mwaka huu na sijui kosa langu liko wapi. Niliposikia wastaafu wanakuja, nikasema atakuwemo. Wiki nzima nimekuwekea hiyo. Wateja wananidanganya, marafiki wananidanganya, nikasema Baba akiinusa atasema neno moja nami nitajua pa kuanzia." Akaonyesha ukutani, nyuma ya kichwa cha baba yake, kwenye ubao wa chaki. "Badala yake unanisomea ubao wangu."

Pua akageuka. Kwenye ubao kulikuwa na maandishi makubwa: asali na ganda la limau, kwa mbali.

"Siku niliyotaka uninyamazie, ulinimwagia mbele ya watu," binti akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Leo nataka unimwagie, unaniambia nzuri sana. Mimi? Nzuri sana ni maneno ya wageni. Umeniona mgeni, Baba?"

Pua akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa kidaftari, akampa.

Binti akasoma. Kituo cha kwanza, maganda ya chungwa. Cha pili. Cha tatu. Akafunua ukurasa. Kituo cha nne, saa tisa alasiri: asali, ganda la limau (kwa mbali). Na chini yake, herufi ndogo: Sema nzuri sana. Usimwage. Usimwage. Mwombe msamaha. Asipojibu, msaidie kuosha glasi.

Aliusoma ukurasa huo muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Yeye ni mtoto wa chumba cha kuonja, hakuhitaji kuelezwa.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Mafua tu. Mafua ya kawaida."

Akakunja uso, anahesabu. "Kwa hiyo nilipokuita, ulikuwa bado unanusa."

"Nilikuwa nanusa."

"Muda gani?"

"Miezi kumi na moja."

Hapo ndipo moyo wa mzee ulipopasuka, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo idadi ile alikuwa hajawahi kuitamka kwa sauti. Miezi kumi na moja alikuwa na pua nzima na mtoto anayemwita, umbali wa saa moja kwa gari, na akakaa nyumbani na msimamo wake. "Nisamehe, mama," akasema. "Nisamehe. Nilikuwa nakungoja wewe uje."

Binti akajifuta uso kwa taulo. Akaingia kwenye kijiofisi chake, wakasikia kiti kikiburutwa, akarudi na chupa moja yenye vumbi, imebandikwa kipande cha karatasi kilichofifia kwa jua: Ya Baba. Miaka minne aliiweka kwenye rafu ya dirishani, juu ya meza yake, mahali pa kuiona kila siku. Angeificha gizani ingepona, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote, lakini alitaka kuiona. Kizibo aliutazama mdomo wa chupa, akaona kutu imezunguka kizibo, akafumba macho.

Binti akaifungua, akamimina glasi mbili. Povu lilikuwa kidogo, likazama mara.

"Ninusie wewe," Pua akamwambia. "Uniambie."

Binti akanusa. Alikaa na glasi puani pale pale, hajongei. Halafu akaanza kusema, haraka haraka, kwa sauti iliyochangamka ambayo baba yake hakuwahi kuisikia.

"Ni nzuri, Baba. Inanuka mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Na zabibu kavu. Imekaa vizuri ajabu, kama niliifunga jana. Nzuri sana. Kweli tena, nzuri sana."

Pua akamsikiliza mpaka akamaliza. Mtoto aliyelelewa kwenye kona ya chumba kile hajawahi maishani mwake kuisifu bia nzuri kwa maneno. Basi akajua. Boksi lililolowa. Bia iliyokuwa yake, isiyo na kasoro, ilikuwa imezeeka na kufa dirishani ikimngoja, na mwanawe alikuwa anamdanganya kwa mara ya kwanza, ili asiumie.

Sinki ilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa. Mzee Pua akainua glasi, akanywa taratibu, akanywa yote, mpaka tone la mwisho. Akaiweka glasi tupu mezani mbele ya binti yake, akanyamaza.

Binti akaitazama ile glasi. Akavuta kiti, akakaa, akaweka paji la uso wake kwenye bega la baba, akalia. Wazee wengine wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kuosha glasi.